Drili Isiyo na Ufunguo

Ukungu wa Kaplong si mgeni mwenye haraka. Hulala juu ya chai mpaka jua liubembeleze, kisha hujiinua polepole, mstari kwa mstari, kama blanketi inayovutwa na mama asiyetaka kumwamsha mtoto. Asubuhi za namna hiyo Johana, mwana wa mzee Kipyegon, alikuwa akikaa mlangoni pa karakana yake kando ya barabara ya Sotik, kikombe cha chai mkononi, nusu yake ikiwa bado usingizini. Hakuwa mvivu. Alikuwa akisikiliza. Aliamini kwamba mbao huongea asubuhi inapoanza kupata joto, na kwamba fundi asiyeisikia ataipigilia msumari pale pale itakapopasuka kesho.

Hakusoma sana. Aliacha shule darasa la nne, mwaka ambao mvua ya mawe iliacha chai ya baba yake ikiwa vijiti vitupu, na hilo lisihesabiwe kuwa aibu kwa nyumba ile. Alijitoa mwenyewe ili dada zake wawili wabaki darasani, na wote wawili walimaliza. Johana akaenda Kericho kujifunza useremala kwa fundi mmoja Kalasinga aliyempiga vidole kwa rula kila alipopima mara moja badala ya mara mbili. Aliporudi nyumbani alikuwa na msumeno, randa, na tabia ya kupima mara tatu. Mzee Kipyegon alipokufa hakumwachia mwanawe mali nyingi, ila alimwachia jina: watu wa Kaplong walipotaka kusema kwamba jambo fulani halina shaka, walisema limewekwa kwa Kipyegon.

Katika nyumba ya Johana kulikuwa na chaki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mke wake, mwalimu Priscah wa shule ya msingi, naye alirudi nayo kila jioni kwenye mikono ya sweta yake kama unga. Ya pili ilikuwa ya karakana, kwa kuwa ndivyo mafundi wa pale walivyoiita ile sehemu ya mbele ya drili inayoshika biti, yaani chuma cha kutobolea. Ili chaki zisigombane, Johana aliita yake mdomo wa drili.

Drili yenyewe haikuwa mali yake. Ilikuwa ya kanisa. Mwaka wa 1994 mgeni mmoja kutoka Ulaya alikuja kusaidia kuezeka kanisa lao dogo la mlimani. Alikaa miezi mitatu, akanywa mursik, maziwa ya kibuyu yaliyoganda, bila kukunja uso, na siku ya kuondoka akaiweka drili mikononi mwa Johana mbele ya kamati nzima. Mwenyekiti wa kamati, mzee Kipkirui, hakupendezwa. Alikuwa na mpwa wake fundi mjini Kericho, naye alisema wazi kwamba mashine kama ile inataka mtu aliyesoma, na kwamba siku itakapoharibika ataichukua mwenyewe aipeleke mjini. Maneno hayo yaliingia sikioni mwa Johana yakakaa humo kama kibanzi. Alielewa kwamba siku ile hakukabidhiwa drili tu. Alikabidhiwa jina la baba yake alishike kwa mikono miwili.

Drili zote ambazo watu walikuwa wamezizoea zilikuwa na ufunguo, kidude chenye meno kama gurudumu la saa, ambacho hufungwa kwa kamba kwenye waya kisipotee, na hupotea hata hivyo. Hii haikuwa na ufunguo. Wapita njia walisimama kuishangaa. Mmoja aliuliza kama mzungu alipanda ndege nao mfukoni. Mwingine akasema ufunguo uko kwa kamati, na Johana atapewa akimaliza kulipa sadaka za nyuma. Johana aliwaacha wacheke, kisha akaushika mdomo kwa mkono mtupu, akauzungusha, na meno matatu ya chuma yakatoka kooni polepole, yakasogeleana yote kwa mara moja kama mafiga matatu yanayojikaribisha yenyewe chini ya chungu. Akazungusha tena mpaka ikasikika sauti ndogo, tik, tik, tik. Waliokuwa wakicheka waliacha.

Aliipenda sauti ile. Wakati mwingine aliisikia katika ndoto, akaamka akiwa amekunja vidole.

Hakuna aliyemfundisha matunzo yake isipokuwa yale machache ambayo mgeni alimwonyesha kwa ishara. Mengine aliyapata kwa kusikiliza. Kila Jumamosi alichomoa waya ukutani kwanza, akaufungua mdomo wote, akauelekeza chini na kuugongagonga kwa kiganja mpaka unga wa mbao umwagike. Kisha aliingiza mswaki wa zamani, akasugua meno matatu moja baada ya jingine, kwa utaratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto kabla ya ibada. Mwisho, tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja tu. Alijua kwamba mafuta mengi huita vumbi, na vumbi likikutana na mafuta huwa uji, na uji ule ndio unaofanya biti iteleze katikati ya kazi. Biti ikiteleza hakukimbilia kukaza. Aliitoa akalitazama shina lake, na kama lilikuwa na makovu aliyapunguza kwa tupa. Biti ikiyumba, ikichora duara hewani badala ya nukta, alijua imekamatwa na meno mawili na kusahauliwa na la tatu. Aliitoa, akaiweka upya katikati, akafunga taratibu.

Na kulikuwa na siri moja ndani. Mgeni alimwonyesha siku ya mwisho, kwa tochi. Chini kabisa kooni, meno yakiwa wazi kabisa, palionekana kichwa cha skrubu ndogo, nayo ndiyo inayouzuia mdomo usijifungue kutoka kwenye mwili wa drili. Skrubu ile ilikwenda kinyume na skrubu zote alizozijua Johana: kuikaza uliizungusha kushoto. Johana aliitazama kwa muda mrefu. Aliona kama ni mtu mmoja katika ukoo mzima aliyezaliwa na mkono wa kushoto, na ndiye anayeshikilia nyumba.

Mwenzake wa kazi aliitwa Mogaka. Alitoka upande wa Nyamira, akavuka mpaka wa Chepilat na msumeno begani mwaka wa 1989, akaomba kazi ya siku mbili, akabaki. Hata miaka ile watu wa pande mbili za Chepilat walipoogopana, Johana na Mogaka waliendelea kushika ncha mbili za msumeno mmoja. Waliongea Kiswahili, na Kiswahili cha Johana kilikuwa na jambo lake. Herufi b haikukaa kinywani mwake. Ilipotoka ilikuwa imekwisha kuwa p. Akisema "nipe pati", Mogaka alimpa bati. Akisema kazi fulani ni "mpaya", Mogaka alijua ni mbaya. Na akisema "pana hapo", Mogaka alibana. Hakuwahi kumcheka. Alijifunza kugeuza maneno ya Johana kichwani kabla hayajafika mikononi, upesi hata akasahau kwamba anayageuza.

Mwaka wa 1996 kanisa liliamua kuweka milango mipya. Johana aliichonga kwa mbao ya mzeituni wa mwituni, ngumu kama mfupa, yenye rangi ya asali iliyokaa. Ibada ya kuifungua ilipangwa Jumapili ya pili ya Julai, na kamati ikaamua kwamba fundi mwenyewe ndiye atakayesoma somo. Hapo ndipo vijana wa kwaya walipoanza kunong'onezana. Walisema watasikia "Pwana asifiwe" mpaka machozi yawatoke. Mwalimu Priscah aliwasikia kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Alirudi nyumbani, akakata ukanda mwembamba wa gazeti, akaushika mbele ya midomo ya mumewe baada ya chai ya jioni.

Alimweleza kwamba herufi p hufanya karatasi icheze, na herufi b huiacha ilale. Wakajaribu. Karatasi ilicheza kwa kila neno. Ilicheza kwa baba, ikacheza kwa barua, ikacheza kwa Bwana. Joan, binti yao, alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo hakuna aliyewaona, mume na mke wa miaka ishirini ya ndoa, wakikaa goti kwa goti wakipuliziana gazeti. Wiki ya tatu karatasi ililala kwa mara ya kwanza. Johana alisema "baba", na ukanda ule haukutikisika. Aliona kama amemwita baba yake kwa jina lake sahihi kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo maneno yakawa kama vifaa vipya kwenye sanduku. Alipenda kuyajaribu akiwa peke yake, akipita kati ya mistari ya chai. Alilolipenda kuliko yote lilikuwa "pana", kwa kuwa sasa alijua analisema kwa kukusudia. Barabara pana. Shamba pana. Alilitamka, pumzi ikatoka, na ukungu mbele yake ukafunguka kidogo. Hakumwambia Mogaka, na karakanani aliendelea kuongea kama zamani. Ni mambo ya nyumbani, na nyumba ile haikutoa mambo yake barabarani.

Jumanne ya wiki ya milango homa ilimwangusha. Mwaka ule malaria ilipanda mpaka milimani, ikawakuta watu ambao mama zao hawakuijua. Johana alilala chumbani karibu na dirisha, vidonge vichungu ulimini, na siku zikapoteza kingo zake. Aliona bati za paa zikipumua. Aliona wachumaji chai wakitembea angani na vikapu mgongoni, wakichuma ukungu. Meno matatu ya drili yalimjia yakiwa makubwa kama mawe ya mlimani, yakafunguka, na ndani yake mlikuwa na nchi tambarare isiyo na mwisho, ya kijani, yenye upepo. Alijua angeingia mle angepumzika.

Ilikuwa Alhamisi adhuhuri Mogaka alipokuja dirishani. Kazi ilikuwa imebaki kidogo, matundu kumi na manane ya boliti za bawaba, na keekee ya mkono, ile ya kuzungusha bila umeme, isingeyamaliza kwa wiki nzima katika mbao ile. Lakini drili ilikuwa na shida. Si biti iliyoyumba, bali mdomo wenyewe, wote, ukicheza kwenye mwili wa drili kama jino la mtoto. Mogaka alieleza haya kwa sauti ya chini, akauliza afanyeje.

Johana aliisikia sauti kutoka mbali, kutoka ukingoni mwa ile nchi ya kijani. Aliiona skrubu ndogo kooni. Alijua yote yanayotakiwa: kuufungua mdomo wote, kuitazama skrubu, kuukaza mdomo kwa mkono mpaka utulie, kisha kuizungusha skrubu kushoto. Yalikuwa maneno mengi mno kwa ulimi mkavu. Akachukua lile la kwanza.

"Kwanza pana," alisema. "Pana kabisa."

Akataka kuendelea, lakini upepo wa kijani ulimchukua.

Mogaka alirudi karakanani akafanya kama alivyoagizwa. Aliufunga mdomo, mtupu, bila biti, mpaka meno matatu yakagusana. Akabana zaidi. Johana alikuwa amesema "kabisa", na mkono wa mtu una mwisho wake, kwa hiyo akachukua spana kubwa ya bomba akaegemea kwa kifua. Kisha akajaribu, na mdomo uliendelea kucheza vile vile. Akataka kuufungua, nao ukakataa. Akaugonga kwa nyundo mara mbili. Mara ya pili kipande cha plastiki inayouzunguka mdomo, ukubwa wa ukucha, kiliruka kikatua kwenye unga wa mbao.

Johana aliletewa habari Ijumaa asubuhi, homa ilipomwachia kichwa. Alivaa koti juu ya blanketi, Priscah akashika chupa ya chai, wakatembea hatua mia mbili mpaka karakanani, wakipumzika mara tatu. Njiani Priscah alimweleza kilichokuwa kikisemwa. Mzee Kipkirui alikwisha sikia kwamba mashine ya kanisa inapigwa nyundo. Angekuja kesho. Milango ingeweza kusimamishwa Jumapili kwa kuazima drili ya mpwa wake wa Kericho, lakini drili ya kanisa isingerudi tena Kaplong, wala jina lililokuwa nayo.

Mogaka alikuwa amekaa nje juu ya gogo, drili mapajani kama mtoto mgonjwa. Alikuwa na nafasi ya kwenda kwao tangu jana. Hakwenda.

"Nilibana, Fundi," alisema kabla ya salamu. "Kama ulivyoniambia. Nilibana kabisa."

"Nilisema pana."

"Ndiyo. Bana."

"Pana, Mogaka."

"Si ndiyo nasema. Bana. Nikaongeza na spana ya bomba ndiyo ibane vizuri."

Johana aliinua kiganja akakiweka mbele ya midomo yake, kana kwamba ukanda wa gazeti ulikuwa bado pale. "Pa," alisema. "Pana. Kama barabara."

Mogaka alimtazama. Lori la majani lilipita, likatoweka, na bado alikuwa akimtazama.

"Pana ya upana?"

"Ya upana."

"Fundi," Mogaka alisema polepole, "miaka saba ukisema pana unataka bana. Umeanza lini kusema pana ukitaka pana?"

"Mwezi huu."

"Na hukunijulisha."

Priscah aligeuka akalitazama shamba la chai la jirani kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika, na hakuna kati yao aliyejua kama alikuwa akicheka au akilia. Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka kumi na tisa, na hakuwa amewahi kuona neno lililotamkwa sawasawa likivunja kitu.

Johana alikaa. Aliipakata drili, akaugusa mdomo uliofungwa, akapitisha kidole kwenye kovu la plastiki. Kichwa chake kilikuwa chepesi, na kila kitu kilionekana kupitia maji. Mogaka alitaka kuwasha moto wapashe chuma joto kipanuke. Johana akatikisa kichwa. Plastiki ingeyeyuka kabla chuma hakijajua kuna moto. Akasema wachanganye mafuta ya taa na matone machache ya oili ya gari, waisimamishe drili mdomo ukiwa juu, wadondoshe kidogo kidogo kati ya meno. Kisha wasubiri.

Walisubiri mpaka saa sita. Tone liliingia, likapotea, wakadondosha jingine. Mvua nyepesi ilipita kwenye bati. Johana alilala akiwa amekaa, akaota tone la mafuta likishuka ngazi za giza, likigonga mlango baada ya mlango, likiuliza kwa adabu kama kuna mtu. Alipoamka Priscah alikuwa amechovya kitambaa katika maji ya moto na kukikamua. Wakauviringishia mdomo ule kitambaa, wakauacha upate joto la mwili wa mtu, si zaidi. Johana akachukua nyundo ya mbao akaugonga kuuzunguka, pole pole, kama mtu anayebisha nyumba ya wakwe.

Kisha akaomba tyubu ya baiskeli. Waliikata vipande viwili. Kimoja walikiviringisha kwenye pete ya nyuma ya mdomo, kingine kwenye ya mbele, ili mikono isiteleze. Johana aliigeuza drili, akayakandamiza meno juu ya kipande cha mbao ya msaipresi ili yarudi ndani hata kwa unywele mmoja, akashika pete ya nyuma. Mogaka akashika mbele.

"Sasa niambie vizuri," Mogaka alisema. "Naelekea wapi?"

"Upande wa kufungua."

"Kwa Kiswahili cha mwezi huu ama cha zamani?"

"Cha vyote viwili."

Alizungusha. Mshipa ulimsimama shingoni. Hakuna kilichotokea, na tena hakuna, kisha ndani kabisa kikasikika kitu, si sauti bali nusu ya sauti. Johana alifumba macho. Tik. Mogaka alisimama kama aliyeitwa kwa jina. Akazungusha tena, na meno matatu yakaachana, yakarudi nyuma taratibu kila moja kwenye chumba chake, koo likawa wazi, na chini yake, katika mwanga wa mlangoni, kilionekana kichwa cha skrubu.

Walifanya yaliyobaki kwa utaratibu wa Jumamosi. Mswaki, kitambaa kikavu, tone moja. Jino moja lilikuwa limeota ukingo mkali kwa kusagana na wenzake, Johana akalilainisha kwa tupa ndogo. Mogaka aliukaza mdomo kwa mkono mpaka ukatulia, akaingiza bisibisi ndefu, akaizungusha skrubu kushoto huku akimtazama Johana usoni kwa kila robo ya mzunguko. Wakaweka biti nyembamba, wakachomeka waya. Ncha yake ilichora nukta.

Kovu tu ndilo lililobaki. Priscah alikwenda nyumbani akarudi na utepe mweusi wa nyaya. Alisema utazunguka mara mbili tu, wala hautaonekana ni kiraka, utaonekana ni mtindo. Jina la mzee Kipyegon halijawahi kujadiliwa katika kamati yoyote, alisema, na si yeye atakayeanza kulipeleka huko. Johana aliushika utepe kwa muda. Alijua mkewe alikuwa akiilinda nyumba, na kwamba angeilinda hivyo hata baada yake. Akamrudishia.

"Mwalimu," alisema, "nikifunika hapa, nitakuwa nikifunika kila mahali."

Mzee Kipkirui alifika Jumamosi saa nne, kofia kichwani na fimbo ambayo hakuihitaji. Hakukaa. Alisema ameampiwa mashini imeharipika, na angependa kuiona kwa macho yake. Johana akampa. Mzee aliigeuza, kidole chake kikalikuta kovu mara moja.

"Hii ni kazi ya nani?" aliuliza, na macho yake yalikwisha kwenda kwa Mogaka na kubaki pale.

Mogaka alifungua kinywa. Johana alimtangulia.

"Mdomo ulioharibika kwanza ni wangu, Mzee. Wa drili ulifuata."

Akaeleza yote, dirisha, homa, neno moja, spana. Hakulaumu wala hakupunguza. Alieleza hata ukanda wa gazeti, na Priscah alitazama chini, kwa kuwa mambo ya nyumbani yalikuwa yamefika barabarani. Mzee Kipkirui alisikiliza kwa uso wa mtu anayepima majani mabichi. Kisha akamtaka Johana ayataje maneno yale mawili, moja baada ya jingine.

"Pana," alisema Johana. "Bana."

"Tena."

"Pana. Bana."

Mzee alijaribu mwenyewe, kwa ukali kidogo. "Pana," alisema. "Pana." Akangoja. Akarudia, akitikisa kidole kwa kila neno. "Pana. Pana." Mogaka alishughulika ghafla na kamba ya kiatu chake.

"Mimi sisikii chochote hapo," mzee alisema hatimaye. "Ni neno moja. Hata mimi ningeifunga." Kisha jambo likamjia. "Lakini kwa nini hukusema 'fungua'? Hata mtoto anachua 'fungua'."

Johana hakuwa amelifikiria. Alirudi kwenye ile nchi ya kijani, kwenye pumzi iliyotoka, na ukungu uliofunguka katikati ya chai.

"Lilikuwa jipya, Mzee," alisema. "Nilitaka kulitumia."

Mzee Kipkirui hakucheka. Alimtazama yule mtu wa miaka hamsini kasoro, macho yameingia ndani kwa homa, blanketi chini ya koti, aliyeacha shule mwaka wa mvua ya mawe. Mzee mwenyewe hakuwahi kufika hata darasa hilo la nne, jambo ambalo kamati ilikuwa imelisahau naye hakuwakumbusha. Aliinamisha drili, akautazama mdomo ndani, akauzungusha mbele na nyuma kwa mkono wake mwenyewe, na sauti ile ndogo ikahesabu katika vidole vyake.

"Kaa na mashini," alisema. "Aliyeiona ikiwa mgonjwa ndiye ataichunga. Lakini kila asupuhi umwampie huyu unaongea na mdomo gani, wa zamani ama wa mwalimu."

Mogaka aliichukua drili. Yalikuwa yamebaki matundu kumi na manane, na bawa moja la mlango lilikuwa zito mno kwa mtu mwenye homa kulishika. Mzee Kipkirui alisimama dakika moja akiangalia, kisha akaegemeza fimbo ukutani, akavua koti, akaweka bega lake kwenye mbao ya mzeituni. Drili ikaanza kuimba. Unga wa rangi ya asali ukamwagika juu ya kofia yake, naye hakuupangusa mpaka tundu la mwisho.